Madaraja Arobaini na Tano

Medius alizaliwa katika kambi ya jeshi na akakulia katika kambi nyingine tatu, ndiyo maana Kiswahili kilimkaa mdomoni kabla hata hajaijua vizuri lugha ya mama yake. Baba yake, Sajini Tumwesigye, alikuwa mtu wa kuhamishwa. Mwaka huu Jinja, mwakani Moroto, na kila alikopelekwa familia ilimfuata na masufuria yake. Kwenye nyumba za kambi walicheza watoto wa Kiacholi, wa Kiteso, wa Kilugbara na wa Kinyankole, na hakuna aliyemwelewa mwenzake ila kwa Kiswahili kile cha kambini, chenye amri fupi na matusi marefu.

Alipoolewa Bwera na Nobert, mkulima wa maharage mwenye sauti ya chini, mama mkwe wake alimwogopa kwa mwezi mzima. Mama yule alikuwa amekisikia Kiswahili kwa njia moja tu, ya askari wanaogonga mlango. Sasa mwanawe kamletea mkwe anayeota ndoto kwa lugha hiyohiyo.

Lakini mji wenyewe ndio uliokuja kumhitaji. Hospitali ilikuwa ikipokea wagonjwa kutoka ng'ambo, Kongo, na wauguzi hawakuelewa wanaumwa wapi. Medius akaitwa. Soko la Mpondwe, pale mpakani, lilitaka mtu wa kutangaza kwa kipaza sauti: mtoto kapotea, chanjo iko leo, mwenye pikipiki iliyoziba njia aje aiondoe. Medius akaitwa tena. Huko ndiko alikookota Kiswahili cha Wakongomani na kukitia juu ya kile cha kambini, hadi akawa na viwili, akichomoa hiki au kile kulingana na aliyesimama mbele yake. Watu wakamwita Mama Afande, na jina likashika.

Kazi hiyo ilikuwa na udhia mmoja. Mkalimani ndiye anayelaumiwa. Daktari akisema hakuna kitanda, anayetukanwa ni Medius. Ofisa wa soko akisema vibanda vya kando ya barabara viondolewe, anayenuniwa ni Medius. Alikuwa amezoea. Akirudi nyumbani alimwaga hasira yote kwenye masikio ya Nobert, naye Nobert alisema "mm" na kuendelea kupepeta maharage. Yakaisha. Hili la sheria ya chapa ndilo lililokataa kuisha.

Lilianza kwa simu ya Sylivia, binti wa ofisi ya biashara kule Kasese.

"Mama, kuna wageni kutoka Kampala wanakuja kuwaeleza wafanyabiashara wa Bwera habari za muswada. Sheria ya alama za biashara inarekebishwa, ili nchi ijiunge na mikataba ya kimataifa. Tunakuhitaji utafsiri. Ijumaa saa nne asubuhi."

"Ijumaa ni siku ya soko," Medius akasema.

"Najua, mama."

"Wafanyabiashara siku ya soko wako sokoni. Nani atakaa ukumbini?"

"Mama, ratiba imeshatoka."

Medius akaomba basi atumiwe karatasi mapema azisome. Sylivia akaahidi. Jumatano ikapita bila karatasi. Alhamisi akapiga simu, akaambiwa ziko njiani. Ijumaa saa nne ukumbi wa kanisa ulikuwa na Medius, mfagiaji, na viti themanini vya plastiki. Wageni wenyewe waliingia saa saba mchana, gari likiwa limetapakaa vumbi, na wakashangaa kwa nini watu ni wachache. Ikabidi Medius achukue kipaza sauti chake, aende sokoni na kuwakusanya watu mmoja mmoja kama anayefukuza kuku. Wengine walikuja na mizigo yao kichwani, kwa kuwa hawakuwa na wa kumwachia.

Mgeni mkuu aliitwa Mugume, mwanasheria, mwembamba, mpole, aliyezungumza Kiingereza kana kwamba anasoma hata pale ambapo hakuwa anasoma. Alimkabidhi Medius karatasi pale pale jukwaani. Zilikuwa kurasa tatu za Kiswahili kilichotayarishwa na mtaalamu fulani huko Kampala.

"Tafadhali, mama, tumia maneno haya haya," akamwambia. "Yamepitishwa."

Mambo yakaharibika kwenye sentensi ya kwanza. Medius alisema sheria ya alama inarekebishwa, na mwanamke mmoja wa mbele akauliza kama wafanyabiashara sasa watapewa alama kwa mia kama watoto wa shule, na aliyefeli atafungiwa duka. Medius akaacha karatasi, akasema kwa kifupi:

"Ni chapa. Ile picha na jina lililo kwenye sabuni yako, kwenye kahawa yako. Chapa."

Watu wakaitikia kwa vichwa, wameelewa. Lakini Mugume, ambaye Kiswahili alikijua kidogo kutoka kwenye mafunzo ya wiki mbili, alimshika mkono kwa wasiwasi.

"Mama, kwa nini unawaambia watachapwa?"

Ikabidi asimame amweleze mwanasheria, mbele ya watu, kwamba kuchapa kiboko ni jambo moja na chapa ya sabuni ni jambo jingine. Ukumbi ukacheka. Mugume naye akacheka, kisha akasema kwa upole ule ule, "Sawa, lakini turudi kwenye yaliyopitishwa."

Wakarudi. Mugume alieleza jambo ambalo kwa kweli halikuwa gumu. Sasa hivi, alisema, ukiandikisha jina la bidhaa yako Kampala, ulinzi wake unaishia mpakani. Ukitaka lilindwe nchi nyingine, uende huko, utafute wakili wa huko, uanze upya. Nchi ikishairekebisha sheria na kuingia kwenye mikataba ile, mtu atapeleka ombi moja tu, ataje nchi anazozitaka miongoni mwa wanachama, nalo litapelekwa kote huko. Na ili nchi zote zisomane, bidhaa zitapangwa kwa mpango mmoja wa dunia nzima.

Hapo Medius alitazama karatasi, akaona neno, na akalisoma kama lilivyo.

"Bidhaa zote zitapangwa katika madaraja arobaini na tano. Kahawa iko daraja la thelathini."

Watu wakageuka kutazamana. Bwera ni mji wa daraja. Kila kinachokwenda Kasindi, upande wa Kongo, na kila kinachotoka huko, kinapita juu ya mto Lhubiriha. Ukitamka daraja hapo, hakuna anayefikiria kitu kingine.

"Arobaini na tano?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Ndivyo ilivyoandikwa," Medius akajibu, na papo hapo aliona nyuso na akajua wamesikia nini. Alifungua mdomo asahihishe. Mugume alikuwa ameshaendelea na ukurasa wa pili, na wa tatu, hata akafika kwenye maswali.

Aliyesimama kuuliza alikuwa Yayeri. Huyu alikuwa mwanamke wa Kyarumba, juu milimani, mwenye shingo imara ya mtu aliyebeba mizigo tangu utoto. Alikaanga na kusaga kahawa yake mwenyewe, akaitia kwenye mifuko ya karatasi ya kahawia na kuishona kwa uzi mwekundu. Mfuko ulikuwa na picha ya mwanamke aliyebeba gunia, na jina Kahawa ya Kichwani, kwa kuwa kahawa hiyo hushuka mlimani juu ya vichwa vya watu. Alikuwa ameliandikisha jina hilo Kampala baada ya safari mbili na picha za pasipoti zilizokataliwa.

Yayeri akainua mifuko miwili. "Huu ni wangu. Na huu nilitoa Kasindi wiki iliyopita. Picha ni ile ile, jina ni lile lile. Ndani ni mahindi ya kuungua. Mimi nauliza tu: hii mkataba yenu itavuka daraja, ifike pale?"

Mugume alisema hilo ni swali zuri. Akafungua begi, akatoa orodha ya nchi wanachama, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. Akaigeuza. Akakipitisha tena. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama kile kidole.

"Kongo siioni," akasema hatimaye kwa Kiingereza. "Ila hii orodha inaweza kuwa ya zamani. Nitahakikisha."

Medius alitamani kuipunguzia makali ile habari. Angeweza kusema mgeni atatafuta, basi. Lakini hakuwahi kumdanganya mgonjwa hospitalini, na hakuona sababu ya kuanza kwa kahawa. Akasema yote kama yalivyo: jina la Kongo halikuonekana kwenye orodha, na orodha huenda ni ya zamani.

Kelele ikavuma. "Sasa umetuita kufanya nini, Afande?" mtu akapaza sauti. Umetuita! Aliwatazama wageni wakikusanya karatasi zao, hakuna hata mmoja aliyeguswa na neno.

Kufikia Jumapili, habari ya madaraja ilikuwa imeenea kutoka sokoni hadi milimani. Serikali itajenga madaraja arobaini na tano juu ya Lhubiriha. Nyanya zitakuwa na daraja lake, samaki wakavu lake, vitenge lake. Mwenye kahawa asikosee akapita kwenye la sabuni, atanyang'anywa. Alipotoka ibadani, Medius alizungukwa mlangoni pa kanisa.

"Daraja la thelathini iko wapi, mama? Iko mbali?"

"Hakuna daraja la thelathini! Ni neno tu. Ni kupanga vitu!"

"Eh. Lakini umesema mwenyewe."

Jumatatu akaja Kule, mzee mwenye shamba la ndizi kando ya mto, kavaa koti la harusi na hati ya ardhi ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuja kuuliza kama madaraja yatajengwa. Alitaka tu kujua ni namba ngapi litakalopita shambani kwake, ili aanze kudai fidia mapema kabla ya majirani. Medius alimweleza mara moja. Akamweleza mara ya pili, kwa Kilhukonzo, lugha ya wenyeji. Kule alisikiliza kwa adabu yote, kisha akainama karibu na sikio lake.

"Naelewa, mama. Wamekukataza kusema."

Hilo ndilo lililomkondesha. Kadiri alivyokana, ndivyo walivyozidi kuamini. Akinyamaza, ni siri. Akikasirika, amekula pamoja na wakubwa. Akampigia Sylivia.

"Karatasi yenu ina kosa. Badilisheni neno. Mtume tangazo."

"Mama, siyo kosa. Daraja ni kiwango, ni kundi. Ndivyo inavyosemwa."

"Inasemwa wapi? Hapa daraja ni daraja!"

"Mama, karatasi imeshapitishwa. Ikibadilishwa inabidi irudi Kampala. Unaweza kuandika maoni yako kwenye fomu."

Medius akakata simu. Alizunguka uani mara tatu. Nobert, aliyekuwa amekaa na ungo wake, safari hii alisema zaidi ya "mm".

"Wewe una kipaza sauti," akasema.

Jumanne, siku nyingine ya soko, Medius hakungoja ruhusa ya mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa wauza nyanya, akasimama juu ya kreti, na akawasha kipaza sauti. Hakuwa na hotuba. Alikuwa na hasira tu, na macho yake yalipoangukia chini, aliona nyanya zimepangwa juu ya gunia kama kawaida, tatu chini na moja juu.

"Hii inaitwaje?" akamwuliza mwenye nyanya kwa sauti iliyosikika hadi stendi.

"Fungu," mama yule akajibu kwa woga.

"Na hii?"

"Fungu ingine."

"Basi! Wazungu, Wahindi na wengine wengi wamekubaliana vitu vya dunia vipangwe mafungu. Mafungu arobaini na tano! Sabuni iko fungu lake, nguo iko fungu lake, kahawa iko fungu la thelathini, na chai iko hapo hapo pamoja nayo. Ukiandikisha jina lako, unasema tu liko fungu gani. Ni kwenye kitabu! Hakuna simiti, hakuna mto, hakuna fidia. Mzee Kule, umenisikia?"

Kule, aliyekuwa ananunua chumvi, aliinamisha kichwa. Watu wakaanza kucheka, mwanzo kwa chinichini, kisha soko zima. Akalirudia kwa Kiswahili cha Wakongomani, na wale wa ng'ambo wakacheka kuliko wenyeji. Kufikia jioni hakuna aliyezungumzia madaraja tena. Kumbe lilikuwa jambo la dakika tano, na lilikuwa limemla siku nne na hamu yake yote ya chakula.

Alikuwa anashuka kwenye kreti alipomwona Yayeri, amesimama mikono kiunoni.

"Mafungu nimeelewa," Yayeri akasema. "Sasa yule mwizi wangu?"

Medius akatoa simu. Alimpigia Mugume, ambaye kwa bahati alipokea. Mwanasheria alisema amehakikisha, na jina la Kongo bado hajaliona, na muswada wenyewe bado haujafika bungeni. Kwa sasa, alisema, Yayeri anaweza kwenda kuandikisha Kinshasa. Medius alipolitafsiri hilo, Yayeri alitazama upande wa magharibi kwa muda, kama mtu anayepima umbali kwa jicho.

"Kinshasa," akasema. "Na miguu hii?"

Aliyewasaidia ni Jean-Bosco, mwenye duka Kasindi aliyekuwa akichukua kahawa kwa Yayeri tangu zamani. Naye alikuwa amechoka. "Mama, ile kahawa ya uongo inaniharibia jina," akasema. "Batu banarudisha mifuko kwangu, banasema Bosco ni muongo. Mama Afande, sema kitu, mimi nitakamata sauti yako mu simu, nitaweka mu duka."

Kwa hiyo Medius akasema, na Jean-Bosco akarekodi: Kahawa ya Kichwani ya kweli inatoka Kyarumba, imeshonwa kwa uzi mwekundu. Kama haina uzi mwekundu, si yenyewe, iache. Spika ikawekwa mlangoni pa duka. Wiki mbili mambo yakawa mazuri. Yayeri alipeleka mzigo mkubwa kuliko wowote aliowahi kuupeleka, na akamletea Medius jogoo.

Wiki ya tatu Medius alivuka kwenda Kasindi kununua kitenge. Alikuwa kwenye kona ya mtaa wa pili, mbali na kwa Jean-Bosco, aliposikia sauti ya mwanamke ikitangaza kwa ukali wa kijeshi kwamba kahawa ya kweli ina uzi mwekundu. Alisimama. Ilikuwa sauti yake. Ilitoka kwenye duka asilolijua, na chini ya spika ilikuwa imepangwa mifuko ya Kahawa ya Kichwani, mwanamke na gunia lake, yote imeshonwa kwa uzi mwekundu, vizuri kabisa. Akaupasua mmoja kwa kidole. Mahindi ya kuungua.

"Hii sauti ni yangu," akamwambia muuzaji.

Muuzaji, kijana mtanashati, alimtazama bila hofu. "Hapana, mama. Iko ya simu yangu."

"Ni mimi ninayesema hapo!"

"Basi, mama, unasema muzuri."

Medius alirudi Bwera akitembea upesi kiasi kwamba watu wa pikipiki hawakuthubutu kumwita. Yeye ndiye aliyemfundisha mwizi rangi ya uzi. Alikuwa amemtangazia kwa Kiswahili viwili, asije akakosea! Alimkuta Yayeri anapakua mzigo, akamweleza, akitarajia machozi au matusi. Yayeri alikaa juu ya gunia. Akaushika uzi mwekundu wa mfuko mmoja. Halafu akauliza:

"Alichukua wiki ngapi kujua?"

"Mbili. Labda na siku kidogo."

"Basi mimi nitabadilisha kila wiki."

Na ndivyo wanavyofanya hadi sasa. Kila Jumatatu Yayeri hushuka Kyarumba na mifuko iliyoshonwa kwa rangi mpya. Jumanne Medius huitangaza, kijani, bluu, njano, na Jean-Bosco hurekodi na kufuta ile ya zamani. Yule wa mtaa wa pili huwa nyuma yao kwa wiki moja, wakati mwingine kwa siku tano, maana naye anajitahidi. Wateja wa Kasindi wamezoea, huuliza rangi ya wiki kabla ya kuuliza bei. Ni kazi ya kuchosha, na kila Jumanne Medius huapa kuwa hiyo ndiyo ya mwisho.

Mwezi uliopita Sylivia alipiga simu kusema muswada umesogea, uko kwenye kamati, na wageni watarudi kukusanya maoni. Akauliza kama Medius atakuwa na nafasi.

"Nitakuwepo," Medius akasema. "Lakini mwambie yule bwana mpole aje na orodha mpya. Na aje haraka, maana Yayeri amebakiwa na nyuzi za rangi mbili tu, nyeupe na kahawia, na kahawia haionekani kwenye mfuko."